Hitilafu Inayohama na Hitilafu Iliyopiga Kambi

Hotuba kwa mafundi wa kompyuta na wanafunzi wao kuhusu kutafuta kasoro za maunzi wakati wa kusakinisha mfumo endeshi

Mwenyekiti wa kikao, mafundi wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie kasoro za maunzi, yaani vipande vya kompyuta vinavyoshikika, zinazojitokeza wakati wa kusakinisha mfumo endeshi, nami nimeipokea mada hii kwa furaha, kwa sababu kazi ya namna hii imeongezeka mezani kwetu tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Mashine zilizokaa miaka minane au tisa bila kuguswa sasa zinafunguliwa, zinafutwa na kuwekewa mfumo mpya, ama Windows 11 ama mojawapo ya matoleo ya Linux; na mashine ya umri huo, kama gari kuukuu, hufichua maradhi yake siku inapopandishwa mlima.

Kila mmoja wetu amewahi kuliona jambo hili. Mstari wa maendeleo unafika asilimia 34, unasimama, na ujumbe unatokea kwamba faili fulani limeharibika au halisomeki, ukiambatana na namba 0x80070570. Fundi anazima, anawasha, anaanza upya, na safari hii anafika asilimia 61. Mara ya tatu hafiki hata 20. Baada ya hapo analaumu nakala ya mfumo, anapakua nyingine, anapoteza nusu siku akisubiri gigabaiti tano au sita zishuke, kisha anarudi palepale. Nasema fundi kana kwamba ni mtu mwingine. Fundi huyo nilikuwa mimi, na haikuwa mara moja.

Kosa langu lilikuwa kumsikiliza shahidi kana kwamba ni hakimu. Kisakinishi, yaani programu inayousakinisha mfumo, ni shahidi tu. Kinasema kimekuta faili limeharibika, na katika hilo kinasema kweli, lakini hakijui nani aliyeliharibu: huenda ni flashi lilikotoka, huenda ni RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, lilikopitia, huenda ni diski lilikokuwa linaandikwa, na huenda ni kebo inayoviunganisha. Ujumbe wa kosa hutaja mahali kazi ilipokatikia, na kazi yetu inaanzia hapo.

Tujiulize kwanza kwa nini maradhi haya hungoja siku ya kusakinisha. Kisakinishi husoma kutoka kwenye flashi faili moja kubwa lililobanwa, hulifumua ndani ya RAM, huandika maelfu kwa maelfu ya mafaili madogo kwenye diski, kisha huwasha mashine upya mara mbili tatu na kuamsha kila kifaa kwa draiva yake, ile programu ndogo inayouwezesha mfumo kukiongoza. Ni mtihani mzito kuliko kazi nyingi ambazo kompyuta ya kawaida hupewa kwa mwaka mzima. Katika matumizi ya kila siku, biti moja ikigeuka ndani ya RAM kutoka sifuri kuwa moja, pengine itaangukia kwenye picha, na picha hiyo itakuwa na nukta moja yenye rangi isiyo yake, jambo ambalo hakuna jicho litakaloligundua. Biti hiyohiyo ikigeuka wakati faili lililobanwa linafumuliwa, hesabu ya uhakiki inakataa na kazi nzima inasimama. Ndiyo maana mteja hukuapia kwamba mashine yake ilikuwa nzima hadi jana. Usimwite mwongo, kwa maana ilikuwa nzima kwa kiwango cha kazi aliyokuwa akiidai.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalouliza, kabla sijagusa bisibisi, ni hili: je, hitilafu hii inahama au imepiga kambi? Ninarudia usakinishaji mara mbili bila kubadilisha kitu chochote, na ninaandika kwenye karatasi, si kichwani, mahali uliposimama, saa iliposimama na maneno yaliyotokea. Ikiwa inasimama mahali tofauti kila mara, na ujumbe nao unabadilika, leo faili limeharibika, kesho skrini ya buluu inayotangaza kwamba mfumo umeanguka, kesho kutwa mashine inaganda bila neno, ninashuku vitu vinavyopitiwa na kila data bila kuchagua: RAM, umeme na joto. Ikiwa inasimama mahali palepale na kwa maneno yaleyale, ninashuku kitu chenye anwani: sehemu ya flashi iliyoandikwa vibaya, eneo bovu la diski, draiva inayokosekana, au kifaa kimoja kinachoamshwa katika hatua hiyo. Kanuni hii ina mianya yake, na mmoja nitauonyesha baadaye, lakini imeniokolea muda mwingi kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Nianze na inayohama, na ndani yake nianze na RAM, kwa kuwa ndiyo inayohukumiwa vibaya kuliko zote: inaachiwa huru inapokuwa na hatia, na inatupwa inapokuwa haina. Kuipima kunahitaji programu inayobuti yenyewe, yaani inayowaka bila mfumo endeshi, kutoka kwenye flashi, kama vile Memtest86+, kwa sababu programu inayoendeshwa ndani ya mfumo haiwezi kugusa sehemu ya kumbukumbu ambayo mfumo wenyewe umeikalia. Kosa moja linatosha kuthibitisha kwamba kuna jambo. Makosa machache yanayovumilika hayapo. Kinyume chake, duru moja safi haitoshi kutoa hati ya uzima, kwa hiyo mashine yenye shaka huachwa ikijipima usiku kucha. Na kabla ya yote, ingieni kwenye BIOS, ile programu ya msingi ya ubao mama inayoiwasha mashine, mrudishe kasi ya RAM kuwa ya kawaida, maana profaili zile za XMP na EXPO zinazowashwa kwa mbonyezo mmoja huiendesha kumbukumbu kwa kasi iliyo juu ya kiwango chake cha kawaida, na si kila ubao mama wala kila prosesa inayoimudu, hasa pale vijiti vya watengenezaji tofauti vinapochanganywa.

Niwaeleze kisa kimoja kwa karibu. Nililetewa kompyuta ya mezani yenye vijiti viwili vya RAM aina ya DDR4, na usakinishaji wake ulikuwa unahama kama nilivyosema. Jaribio la kumbukumbu lilianza kutoa mistari myekundu baada ya dakika chache. Nikazima, nikachomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe, nikagusa chuma cha kasha ili kujiondolea umeme tuli, kisha nikavitoa vijiti vyote viwili. Nikakirudisha cha kwanza peke yake katika sloti ya kwanza: safi. Nikakitoa, nikaweka cha pili katika sloti hiyohiyo: safi vilevile. Hapa ndipo wengi wetu hufunga kasha na kusema kwamba tatizo lilikuwa vijiti kutokaa vizuri. Nikakihamishia kijiti cha kwanza kwenye sloti nyingine, na mistari myekundu ikarudi. Nikaweka cha pili hapohapo, na ikarudi tena. Vijiti vyote viwili vilikuwa vizima. Mgonjwa alikuwa sloti. Nilipoimulika kwa tochi niliona uzi wa vumbi umelala juu ya pini, umekaa kama ukope jichoni. Brashi laini na hewa ya kopo vilitosha. Kama ningekuwa na haraka siku ile, mteja angenunua RAM mpya, angeichomeka kwenye sloti ileile, na angerudi kwangu wiki hiyohiyo.

Majaribio manne, vijiti viwili kwa sloti mbili, yanachukua saa moja au mbili, na hakuna njia ya mkato inayotoa jibu lilelile. Wapo pia wanaosugua meno ya dhahabu ya RAM kwa kifutio cha penseli. Mimi siipendi njia hiyo, kwa kuwa huacha makombo na hukwangua tabaka la dhahabu ambalo ni jembamba mno. Kitambaa kisichoacha nyuzi, kikilowanishwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili, kinafanya kazi hiyo bila kujeruhi.

Sasa niuonyeshe ule mwanya wa kanuni. Chukua mashine inayozimika ghafla, kama taa, wakati mwingine ikiwa asilimia 40, wakati mwingine 75. Ukitazama asilimia, utasema inahama. Ukitazama saa, utaona kwamba kila mara inazimika takriban dakika kumi na mbili baada ya kuwashwa. Hitilafu hii inahama kwa asilimia lakini imepiga kambi kwa saa, na kitu chenye mazoea ya saa ndani ya kompyuta kwa kawaida ni joto. Ndiyo maana nilisema saa iandikwe. Prosesa nyingi za kisasa hupunguza kasi zikikaribia nyuzi joto 100 za Selsiasi, na joto likizidi hapo mashine hujizima ili isiungue. Iachie mashine ikiwa kwenye ukurasa wa BIOS unaoonyesha joto, bila kusakinisha kitu, na utazame namba ikipanda. Ikiwa inapanda bila kutulia hata pale ambapo mashine haina kazi ya maana, fungua. Ndani ya kompyuta mpakato utakuta mkeka wa vumbi umeziba mapezi ya kipoza joto, na ndani ya kompyuta ya mezani mara nyingi utakuta pini moja kati ya nne zinazoshikilia kipoza imechomoka, hivyo kipoza kimeinama na kinaigusa prosesa upande mmoja tu. Safisha, futa pesti ya zamani iliyokauka kama udongo, paka mpya, kaza pini kwa mshazari.

Umeme una tabia tofauti na joto, kwa sababu wenyewe hufuata mzigo. Pawasaplai iliyochoka hubeba mashine bila shida hadi pale diski, feni na kadi ya grafiki zinapodai kwa pamoja, halafu ndipo inapoyumba. Viwango vya ATX, vinavyofuatwa na pawasaplai za kompyuta za mezani, vinaruhusu mstari wa volti 12 upande au ushuke kwa asilimia 5, yaani ubaki kati ya volti 11.4 na 12.6, na kipimo chenye maana ni kile kinachochukuliwa mashine ikiwa kazini. Hata hivyo, mita ya kawaida haiwezi kuonyesha mtikisiko wa kufumba na kufumbua, kwa hiyo kwa pawasaplai mimi huamini zaidi kuibadilisha kwa muda na nyingine ninayoijua kuwa nzima. Kwa kompyuta mpakato, hakikisheni chaja imechomekwa na inachaji kweli.

Tuhamie kwenye hitilafu iliyopiga kambi, na hapa mtuhumiwa wa kwanza ni flashi. Nakala ya mfumo ina alama yake ya uhakiki ya SHA-256, mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaotolewa na wachapishaji wengi wa mifumo, na kuilinganisha na ya faili ulilopakua ni kazi ya dakika moja. Lakini wengi husahau kwamba alama hiyo inathibitisha faili lililo kwenye diski ya kompyuta yako ya kazi, wala haisemi chochote kuhusu kile kilichoandikwa kwenye flashi. Zipo flashi za udanganyifu zinazojitangaza kuwa na gigabaiti 64 ilhali ndani zina sehemu ndogo tu ya hizo. Zinapokea kila unachoandika bila kulalamika, na kinachozidi uwezo wao kinapotea kimyakimya. Usakinishaji kutoka kwenye flashi ya namna hiyo husimama mahali palepale kila siku, kwa uaminifu wa kushangaza. Dawa ni programu za kuandika flashi ambazo zikimaliza kuandika husoma tena zilichoandika na kulinganisha. Kuna pia suala la faili moja kuzidi gigabaiti 4, kikomo cha FAT32, ambalo huwakumba wanaonakili mafaili ya Windows kwa mkono. Hilo si ugonjwa wa maunzi, ila dalili zake hufanana.

Tundu lenyewe la USB lina neno lake. Chomeka flashi moja kwa moja kwenye tundu la nyuma, lililounganishwa na ubao mama, usipitie kigawanyi wala tundu la mbele ambalo waya wake hupita mwili mzima wa kasha. Wale waliokuwa kazini mwaka 2015 wanakumbuka kioja cha Windows 7, ambayo ilitoka mwaka 2009 na kisakinishi chake hakikuwa na draiva ya USB 3.0: kwenye mashine mpya za Intel za kizazi cha Skylake, kibodi na kipanya vilifanya kazi vizuri ndani ya BIOS, na mara kisakinishi kilipofunguka vikafa vyote viwili, ukabaki unatazama kitufe cha kuendelea usichoweza kukibonyeza. Watu walibadilisha kibodi tatu nne. Kibodi hazikuwa na kosa lolote.

Hilo linanileta kwenye lalamiko ambalo ndilo ninalolisikia mara nyingi zaidi siku hizi: kisakinishi hakioni diski. Mteja amenunua diski ya SSD, imechomekwa, BIOS inaitaja kwa jina na ukubwa wake, lakini orodha ya kisakinishi ni tupu. Hapa tafuteni shahidi wa pili. Butini Linux yoyote inayoendeshwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, mtazame kama yenyewe inaiona diski hiyo. Ikiwa inaiona, na inaweza kusoma na kuandika, basi diski iko hai na kinachokosekana ni draiva upande wa kisakinishi. Tangu kizazi cha 11 cha prosesa za Intel, kompyuta nyingi, hasa za mpakato, hutoka kiwandani zikiwa zimewashiwa kidhibiti kinachoitwa VMD, ambacho huiweka diski ya NVMe, aina ya SSD yenye kasi, nyuma ya pazia. Kisakinishi cha Windows kisicho na draiva yake hakiwezi kuchungulia. Njia ya kwanza ni kupakua draiva hiyo kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta, kuifungua kwenye flashi, na kuipakia pale kisakinishi kinapouliza pa kusakinishia. Njia ya pili ni kuizima VMD ndani ya BIOS. Wazee wa Windows XP watatabasamu, maana hii ni hadithi ileile ya kubonyeza F6 na kuhangaika kutafuta disketi ya draiva, imevaa nguo mpya.

Natilia mkazo tahadhari mbili hapa, kwa kuwa nimeona zikileta machozi. Ya kwanza ni kwamba ukibadilisha hali ya kidhibiti cha diski kwenye mashine ambayo bado ina mfumo unaotumika, mfumo huo unaweza kukataa kabisa kuwaka na kukuonyesha skrini ya kosa yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Mara nyingi ukirudisha mpangilio ulivyokuwa, utawaka tena, mradi unakumbuka ulivyokuwa, na kwa hiyo pigeni picha ukurasa wa BIOS kwa simu kabla ya kugusa. Ya pili ni usimbaji wa BitLocker, unaoifunga data ya diski ya Windows kwa ufunguo. Mashine nyingi zimesimbwa bila mwenyewe kujua, na mabadiliko ya BIOS yanaweza kuifanya idai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Muulize mteja ufunguo huo mapema, mwombe aingie kwenye akaunti yake autafute mbele yako, na uhakikishe ana nakala rudufu ya data yake.

Ikiwa hata BIOS haiioni diski, suala ni la mwili. Diski za M.2, zile nyembamba kama kijiti zinazochomekwa kwenye ubao mama, zinafanana kwa umbo lakini hazifanani kwa lugha: nyingine huzungumza SATA, lugha ya zamani ya diski, na nyingine NVMe, na zipo sloti zinazoelewa lugha moja tu. Kwenye baadhi ya ubao mama, kuchomeka diski ya M.2 katika sloti fulani huzima tundu moja au mawili ya SATA kwa sababu vinagawana njia, na mtu anayeongeza diski mpya hushangaa ya zamani imetoweka. Jibu liko kwenye kijitabu cha ubao mama, ambacho tunakidharau mno. Na ikiwa diski inaonekana ila kisakinishi kinaikataa kwa sababu ya MBR na GPT, namna mbili za kupanga patisheni za diski, hapo mashine ni nzima: umeibuti flashi katika hali ya UEFI, mrithi wa BIOS ya zamani, na Windows katika hali hiyo inadai GPT. Mpangilio wa MBR wenye sekta za baiti 512 hauvuki takriban terabaiti 2, kwa hiyo kwa diski kubwa hamna hata cha kujadili. Ila kumbukeni kwamba kuibadilisha kutoka ndani ya kisakinishi kunafuta kilichomo.

Kuhusu diski inayoonekana lakini inakwama katikati ya kuandika, niruhusuni nikiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita nilimwambia mteja kwamba diski yake ya SATA imekufa, kwa kuwa usakinishaji ulikuwa unakwama kwenye kunakili na mashine inaganda dakika nzima kabla ya kuendelea. Akanunua mpya, nikaifunga, na ikakwama vilevile. Ndipo nilipofanya kile ambacho ningepaswa kufanya mwanzoni, nikasoma rekodi za SMART, ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake, za diski ile ya kwanza. Kipengele cha 5, kinachohesabu sekta zilizohamishwa, kilikuwa sifuri. Cha 197, sekta zinazosubiri hukumu, sifuri. Cha 199, kinachohesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na kidhibiti, kilikuwa na mamia, na kila nilipojaribu kunakili kiliongezeka. Diski ilikuwa inalia kwamba haisikii vizuri, si kwamba inaumwa. Kebo ya SATA iliyokuwa imekunjwa vibaya nyuma ya kasha ilibadilishwa, na diski ile niliyoihukumu kifo ikaendelea na kazi. Hesabu ya kipengele cha 199 hairudi nyuma hata baada ya kebo kubadilishwa. Kinachotazamwa ni kama inaendelea kupanda. Lakini vipengele vya 5 na 197 vikiwa vinapanda siku hadi siku, okoeni data kwanza, mengine baadaye, na msisakinishe mfumo wowote juu ya diski hiyo hata mteja akisihi.

Mengine nitayapitia haraka. Mashine isiyotoa picha kabisa na inayolia kwa milio haijafika hatua ya kusakinisha. Hesabu milio hiyo na uisome kwenye kijitabu, maana kila mtengenezaji ana yake. Skrini inayokuwa nyeusi mwishoni mwa usakinishaji mara nyingi huzimika pale draiva ya kadi ya grafiki inapochukua usukani. Angalia kwanza kama kebo ya skrini imechomekwa kwenye kadi na si kwenye ubao mama, na kwa Linux jaribu kubuti kwa chaguo la nomodeset, linaloizuia draiva hiyo kuchukua usukani. Windows 11 ikikataa mashine kwa kukosa TPM 2.0, kipengele cha usalama kinachotunza funguo, usikimbilie kusema mashine ni ya zamani, kwani kwenye kompyuta nyingi kipengele hicho kimo ndani ya prosesa ila kimezimwa, kikiitwa PTT upande wa Intel na fTPM upande wa AMD. Zipo njia za kulikwepa sharti hilo, nami sizifundishi kwa mashine ya mteja, kwa kuwa Microsoft haiahidi kuipa sasisho mashine isiyotimiza masharti, na siku zitakapokatika simu itapigwa kwangu.

Betri ya saa inastahili sentensi zaidi ya moja, kwa udogo wake. Ni ile CR2032 ya volti 3, bapa kama sarafu. Ikiisha, saa ya mashine hurudi miaka mingi nyuma kila inapozimwa na umeme kuchomolewa, na kisakinishi kinapojaribu kuwasiliana na intaneti vyeti vya usalama vinakataliwa kwa sababu kwa saa ya mashine bado havijaanza kutumika. Mtu anahangaika na kadi ya mtandao siku nzima. Baya zaidi, baadhi ya mashine hupoteza pamoja na saa mipangilio yote ya BIOS, ikiwemo ile hali ya kidhibiti cha diski uliyoiweka jana, na asubuhi mfumo uliosakinishwa vizuri hauwaki. Kwa mashine ya miaka zaidi ya mitano mimi huibadilisha betri hiyo bila kuuliza.

Katika yote haya badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja. Najua mteja amesimama mlangoni na mkono unawasha kubadilisha RAM, kebo na flashi kwa mpigo. Mashine ikipona kwa njia hiyo hujui kilichoiponya, na sehemu mbovu inarudi kwenye droo yako ya akiba, ikisubiri kumharibia mtu mwingine.

Na kasoro ikishapatikana, usakinishaji ule ulioanza mashine ikiwa mgonjwa usiendelezwe. Mafaili yaliyopita kwenye RAM mbovu yanaweza kuwa yameandikwa yakiwa na makosa yasiyoonekana, na yatakuja kuonekana miezi mitatu baadaye kama programu inayofunga bila sababu. Futa patisheni, anza upya. Nikimaliza, ninanakili faili kubwa la gigabaiti kadhaa kutoka flashi hadi diski, ninapiga hesabu ya SHA-256 pande zote mbili na kulinganisha. Kisha ninaizima mashine, ninachomoa waya, ninaiacha hadi kesho yake ipoe kabisa, na ninaiwasha ikiwa baridi kabla ya kumpigia mteja simu aje kuichukua.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Nadhani maswali yako tayari, na mwenye mashine aliyokuja nayo ailete hapa mezani.